Kalenda ya punda wa Lamu: jinsi ya kuandaa shindano la picha litakalomfaa mnyama mwenyewe

Pepopunda ni maradhi yenye punda ndani ya jina lake, na kweli punda ni katika wanyama wanaoshikwa nayo upesi. Msumari uliobaki kwenye ubao gatini, ncha ya jiwe la matumbawe, kidonda cha mgongoni kilichoingia udongo: kimojawapo chatosha. Chanjo ipo, dawa ya minyoo ipo, watu wanaojua kuchonga kwato wapo. Kinachokosekana ni fedha ya kuwafuata punda wa Matondoni, Kipungani na kisiwa cha Pate, ambao hawafikishwi mjini Amu, yaani mji wa Lamu, kutibiwa. Kalenda ya picha ni njia moja ya kuipata fedha hiyo. Mimi naipenda kuliko harambee, kwa sababu mchangiaji anaondoka na kitu atakachokitazama siku 365.

Nimeshiriki kuandaa kalenda ya namna hii mara tatu. Naandika kwa mfano wa Lamu na punda wake kwa kuwa ndiko nilikojifunzia. Ukiwa Pangani na mbwa wanaohitaji chanjo ya kichaa, au Unguja na paka wa Mji Mkongwe, badilisha mnyama tu. Kazi ni ile ile.

Hatua ya kwanza: amua fedha inakwenda wapi

Bango linalosema "kusaidia wanyama" halimvuti mtu, na baadaye linaleta maneno. Andika jambo moja ambalo mtu anaweza kulifuatilia: kuwachanja pepopunda na kuwapa dawa ya minyoo punda wa Matondoni na Kipungani. Nenda kwa afisa mifugo, uliza gharama ya punda mmoja, dawa pamoja na nauli ya boti, kisha piga hesabu kalenda moja itagharimia nini. Mjini Amu tuna bahati. Shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza lilifungua zahanati ya punda mwaka 1987, na tangu hapo watu wamezoea kwamba punda naye hupelekwa kwa daktari. Mahali pengine itakubidi uanze kwa kulieleza hilo lenyewe.

Fedha ziingie kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini wawili, hata kama ninyi ni ndugu wa damu. Lifanyeni hili siku ya kwanza, kabla shilingi haijaingia, maana ikishaingia kila anayelitaja ataonekana anamshuku mwenziwe.

Tena usione haya kueleza kwa nini punda. Sisi tuliokulia kwenye "punda afe mzigo ufike" na "asante ya punda ni mateke" tunahitaji kuelezwa. Kuna vichochoro vya Mkomani, mtaa wa kale wa Amu, ambamo watu wawili wakipishana, mmoja hugeuka ubavu. Jiwe la kujengea lililotoka Maweni kisiwani Manda, mfuko wa saruji, kiroba cha mchanga, vyote vimefika mlangoni mwa nyumba hizo mgongoni mwa punda. Na hatari haiko kwenye mzigo peke yake. Machinjio ya punda yalipofunguliwa Kenya kuanzia 2016 kwa biashara ya ngozi ya kwenda China, wizi wa punda uliwaumiza watu vibaya sehemu nyingi za nchi. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8, ile ya 2019 ikakuta chini kidogo ya milioni 1.2. Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Aya moja ya habari hizi nyuma ya kalenda itasomwa na watu ambao hawajapata kushika ripoti yoyote ya mifugo.

Hatua ya pili: hesabu siku kwa kurudi nyuma

Kalenda ina msimu wake kama tende za Ramadhani. Ikishapita wiki ya pili ya Januari, iliyobaki utaigawa bure. Kwa hiyo anza na siku ya kuuza, kisha rudi nyuma.

Sisi huzindua tarehe 4 Oktoba, Siku ya Wanyama Duniani. Wenye kalenda ya mbwa wana siku yao nzuri zaidi, 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ili kalenda iwe mkononi 4 Oktoba, faili lifike kwa mchapaji tarehe 1 Septemba. Ili faili liwe tayari, waamuzi wamalize katikati ya Agosti. Ili waamuzi wapate nafasi, pokea picha mwisho 31 Julai. Tangaza wiki ya kwanza ya Juni. Miezi hiyo miwili masika yanakuwa yanakwisha, kusi inavuma, na mawingu mepesi hupita juu ya mji mchana kutwa. Kwa mpiga picha mawingu hayo ni neema.

Usifupishe muda wa kupiga picha ukawa wiki mbili. Picha nzuri ya mnyama haipatikani kwa haraka, na ukimharakisha mtu, atamharakisha mnyama.

Hatua ya tatu: masharti yaenee ukurasa mmoja

Masharti ya kurasa nne hayasomwi. Yetu ni haya, na nimeona yanatosha.

Picha iwe imepigwa na mshiriki mwenyewe, ndani ya kaunti ya Lamu, ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita. Kila mtu picha tatu, si zaidi. Ada ni shilingi 100 kwa picha. Watoto wa shule na wenye punda hawalipi. Picha inaweza kukatwa pembeni na kurekebishwa mwanga, lakini hakuna kuongeza wala kuondoa kitu, na picha iliyotungwa na kompyuta haipokelewi. Mshindi anachaguliwa na waamuzi, hakuna bahati nasibu.

Haki ya picha inabaki kwa mpigaji. Hili liandike kwa herufi nzito. Anachowapa ninyi ni ruhusa ya kuitumia kwenye kalenda ya mwaka huo, kwenye maonyesho na kwenye matangazo ya kalenda, jina lake likiandikwa. Nimeona mashindano yanayodai kwamba kila picha iliyoingia, hata iliyoshindwa, ni mali ya mwandalizi milele. Huo ni unyang'anyi, na wapiga picha wanaujua. Wazuri hawatakuletea kitu.

Kuna ruhusa mbili nyingine. Mwenye mnyama aulizwe, na jina lake liandikwe kwenye fomu. Mtu anayetambulika sura akiwamo pichani naye akubali, na akiwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye atie saini. Sheria ya Kenya ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi, lakini hata isingekuwapo sheria, huwezi kutundika mtoto wa mtu kwenye kuta mia tatu bila babake kujua.

Kisha sharti la mnyama, ambalo kwetu ndilo la kwanza. Hakuna kumtisha ili akimbie, kumpigia makofi ili ageuke, kumfunga ili atulie, kumvisha nguo za kuchekesha, kumtoa kinda kwenye kiota au mtoto kwa mamake. Hakuna mwako wa taa ya kamera machoni usiku. Picha iliyopatikana kwa njia hizo inaondolewa shindanoni hata kama ni nzuri kupita zote.

Zawadi tunaigawa mara mbili. Mpiga picha hupata fedha kidogo na nakala za kalenda. Mwenye punda aliyeonekana hupata tandiko jipya lenye pamba ya kutosha, au gunia la pumba. Tangu tuanze kufanya hivyo, wenye punda wenyewe ndio wanaowaita vijana: "Njoo umpige wangu, leo nimemwosha."

Hatua ya nne: wafundishe watu kupiga picha

Hapa ndipo waandalizi wengi huteleza. Hutangaza, hukaa, husubiri, kisha hulalamika picha ni mbovu. Fanya asubuhi moja ya mafunzo pale uwanja wa mbele ya Ngome au ufukoni, bure, simu zinatosha. Haya ndiyo tunayowafundisha.

Shuka hadi usawa wa jicho la mnyama. Punda mchana kutwa anatazamwa kutoka juu na mtu aliyempanda au anayempakia. Ukishusha simu hadi kifuani mwako, ghafla uso wake unakuwa uso. Kwa paka lala kifudifudi, kanzu itafuliwa. Gusa jicho lake kwenye kioo cha simu ili hapo ndipo paonekane vizuri kuliko pengine. Masikio yakififia kidogo si neno, jicho likififia picha imekufa.

Mwanga wa Lamu ni mkali mno kwa sababu tuko karibu na mstari wa ikweta na jua linapanda wima. Una muda mfupi: kuanzia jua linapochomoza hadi saa mbili asubuhi, na kuanzia saa kumi na moja jioni hadi magharibi. Saa za katikati usiende ufukoni, ingia vichochoroni. Tafuta mahali ambapo punda yuko kivulini na ukuta wa chokaa ulio mkabala naye unapigwa na jua. Ukuta ule unarudisha mwanga mwororo usoni mwake, na unaweza kuhesabu kope. Sijui taa ya dukani inayoweza kufanya hivyo.

Rangi ya mnyama huidanganya kamera. Mbuzi mweusi akijaza picha, kamera hudhani ni giza, huongeza mwanga, mbuzi hugeuka kijivu. Punguza wewe mwenyewe kidogo. Paka mweupe kwenye ukuta mweupe ni kinyume chake: ongeza. Kwenye simu nyingi ukishagusa jicho, unatelezesha kidole juu au chini na mwanga unafuata.

Punda anayekimbia, kama katika mbio zinazofanywa mjini wakati wa sherehe kubwa, anahitaji kasi ya kamera ya 1/500 ya sekunde au zaidi. Mimi huweka 1/1000. Kwa simu, shikilia kitufe ipige picha mfululizo, kisha chagua ile ambayo miguu imeachana.

Usisogeze kwa kuvuta picha kwa vidole. Kule ni kuikata tu, ubora unapotea. Songa kwa miguu, ila usimkaribie sana, kwani lenzi pana ya simu humfanya punda kuwa pua tupu. Simu yenye lenzi ya pili ya mbali, tumia hiyo, simama hatua nne nyuma. Tazama pia kilicho nyuma yake kabla hujapiga: mfuko wa plastiki, mlingoti unaoonekana umeota kichwani, mtu aliyekatwa nusu. Mara nyingi hatua moja kushoto inaondoa yote.

La mwisho, na ndilo gumu, ni kukaa. Keti kwenye baraza dakika kumi bila kupiga. Punda atakutazama, atakuchoka, atarudi kwenye mambo yake. Masikio ndiyo yanayosema: yakilala nyuma kabisa, ameudhika au anaogopa, ondoka, moja likiwa mbele na jingine limegeukia pembeni, yuko sawa, anasikiliza mji. Mwombe mwenyewe amwite kwa ule mlio anaomwitia kila siku. Masikio yote mawili yanasimama, kichwa kinainuka, na una muda wa kama sekunde moja. Piga.

Hatua ya tano: pokea picha zikiwa kamili

Mwaka wetu wa kwanza tulipokea kila kitu kwa WhatsApp. Zilikuja picha tisini na kitu kwa wiki tatu, tukafurahi. Picha tuliyoipenda kuliko zote, punda jike na mtoto wake wakinywa maji kwenye karai chini ya mlango wa nakshi, ilipofika kwa mchapaji ilikuwa na upana wa pikseli 1600 tu. Kwa pikseli 300 kwa inchi, ambao ndio ubora wa kuchapa vizuri, hiyo inatosha sentimita 13 na nusu. Sisi tulitaka karatasi ya A4. Tukamwendea kijana aliyeipiga atupe ile halisi. Simu yake ilikuwa imezama baharini siku chache kabla, akivua. Picha ile haikuingia kwenye kalenda, na kosa lilikuwa letu.

Kwa hiyo sharti liwe hili: picha iletwe kwa barua pepe au kwa fomu ya mtandaoni, na anayetumia WhatsApp aitume kama dokumenti, si kama picha, ndipo haipunguzwi. A4 ya kulala inahitaji pikseli 3508 kwa 2480, ambazo ni kama megapikseli 8.7. Simu ya megapikseli 12 inatoa 4000 kwa 3000, inatosha na inabakiza nafasi kidogo ya kukata pembeni. Mwambie kila mshiriki asiifute picha yake hadi Oktoba.

Siku unayopokea, lipe faili namba, na kwenye daftari andika namba, jina la mpigaji, mwenye mnyama, mahali, jina la mnyama kama analo, na alama kwamba fomu ya ridhaa ipo. Usiseme utaandika jioni.

Hatua ya sita: waamuzi watatu, mmoja wao awe mwenye punda

Waamuzi wawe watatu au watano, ili kura zisilingane. Mmoja ajue picha, mmoja awe mhudumu wa mifugo, na mmoja awe mtu anayeishi na wanyama hao kila siku. Huyu wa tatu usimwache. Waone namba tu, bila majina. Amu ni mji mdogo, kila mtu ni binamu wa mtu.

Raundi ya kwanza ni ya haraka: ndiyo, hapana, labda. Zikibaki arobaini hivi, kila mwamuzi anatoa alama kumi kwa picha yenyewe, kumi kwa hali ya mnyama, na kumi kwa swali moja ambalo waandalizi wengi hawaliulizi: utaweza kuishi nayo mwezi mzima? Kuna picha inayokushika mara ya kwanza ukaichoka siku ya tatu, na kuna nyingine ya kimya ambayo siku ya ishirini bado unaona kitu kipya.

Mwaka wa pili tulikuwa na picha iliyopata alama kamili za mwamuzi wetu wa picha na zangu. Alfajiri, maji yametulia, majahazi nyuma, punda amesimama peke yake na shogi tupu mgongoni. Tuliichapa ndogo, sentimita kumi kwa kumi na tano, tukaipanga na nyingine juu ya jamvi. Mzee mwenye punda aliyekuwa mwamuzi wetu akainama, akaweka kidole juu ya bega la punda. Palikuwa na baka la nywele nyeupe, kubwa kama sarafu, kwenye ngozi ya kijivu.

"Hapa palikuwa na kidonda, mwanangu. Kimepona, nywele zimerudi nyeupe." Kidole kikasogea kidogo. "Na kamba tazama ilipo. Iko pale pale."

Hakuna mwingine kati yetu aliyeiona ile kamba. Tuliiweka picha pembeni, na kesho yake mimi na mhudumu tukamtafuta mwenye punda, tukamwonyesha, tukarekebisha mfungo, akapewa tandiko. Hakugombezwa, wala hakutajwa popote. Tangu mwaka huo, utaratibu wetu ni huu: picha inayoonyesha kidonda, kwato zilizorefuka au mzigo uliopita kiasi haichapwi, lakini haitupwi pia. Inamfikia mtu anayeweza kumsaidia mnyama yule, na jambo linabaki kati yetu na mwenyewe.

Mtakapochagua kumi na mbili, na moja ya jalada, zipangeni zote kwa pamoja. Punda kumi na mbili wanaotazama kulia ni kosa. Changanya uso wa karibu na mandhari ya mbali, alfajiri na jioni, kazi na mapumziko, mjini na shamba. Picha ya wimbi zito iende Julai wakati wa kusi, maji yaliyolala yaende Machi mwisho wa kaskazi. Watu wa pwani watajua kama umekosea.

Hatua ya saba: tarehe, ambazo hakuna anayezisifu hadi zikosewe

Mtu ataisamehe picha ya wastani, hataisamehe Ijumaa iliyoandikwa Alhamisi. Kwa kalenda ya 2027, tarehe 1 Januari ni Ijumaa. Anzia hapo, na watu wawili tofauti wakague miezi yote wakiwa na kalenda nyingine mkononi. Weka sikukuu za Kenya zenye tarehe yake: 1 Mei, 1 Juni, 20 Oktoba, 12 Desemba na nyinginezo, na Pasaka, ambayo 2027 ni 28 Machi. Ukiwa na wanunuzi wa Tanzania, ongeza 12 Januari, 26 Aprili, Saba Saba, Nane Nane, 14 Oktoba na 9 Desemba. Mchana mmoja wa kazi unakufungulia soko la pili.

Kwetu kalenda bila tarehe za Kiislamu haitundikwi. Ziandike kwa herufi ndogo kando ya zile kubwa, na kwa Idi na mwanzo wa Ramadhani ongeza maneno "kutegemea kuandama kwa mwezi". Idi ya kufungua 2027 inakadiriwa tarehe 9 au 10 Machi, na hakuna mchapaji mwenye ruhusa ya kuwa na uhakika zaidi ya hapo. Sisi huongeza pia majina ya miezi kama wazee wanavyoyataja, Mfunguo Mosi hadi Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Mwezi wa Maulidi kwao ni Mfunguo Sita. Nimewaona bibi wawili wakinunua kalenda kwa sababu ya maneno hayo tu, punda hawakuwatazama.

Acha nafasi ya kuandika kwenye kila kisanduku cha siku. Watu huandika zamu ya maji, deni la dukani, siku ya kliniki. Chini ya picha weka jina la mpigaji, mahali, na jina la punda. Basi. Usijaze methali.

Hatua ya nane: uchapaji na hesabu

Kurasa ziwe karatasi ya gramu 150 hadi 170, jalada zito zaidi, gramu 250. Chagua isiyong'aa, nyumba zetu zina mwanga mwingi, na inayong'aa itakuonyesha dirisha badala ya punda. Picha zipite ukingo wa ukurasa kwa milimita tatu kila upande, kwa sababu kisu cha kukatia hakiendi sawasawa na bila ziada hiyo utapata mstari mweupe. Hewa ya chumvi hula waya wa kushikia, kwa hiyo uliza waliopakwa plastiki.

Dai nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ile ile itakayotumika, uitazame mchana nje, si chini ya taa. Mchapaji mmoja aliwahi kuniambia nakala ya kwenye kompyuta yatosha. Kalenda zote zikaja na punda weusi kama mkaa. Kijivu cha punda kinafichika upesi kwenye wino. Angaza picha kidogo kuliko unavyodhani inafaa, chapa moja, angalia, rekebisha.

Hesabu ya mfano. Tuseme kuchapa kalenda moja kwa idadi ya 300 ni shilingi 350, nawe unauza 700. Umetoa 105,000. Kalenda 150 za kwanza zinarudisha gharama tu. Faida yote iko kwenye 150 za pili. Zikikubakia 60, badala ya kupata 105,000 umepata 63,000. Ndiyo sababu nasema: chapa chache. Chukua oda na malipo kabla ya kuchapa, na idadi yako iwe oda pamoja na thuluthi yake. Duka au hoteli itakayokuuzia iachie shilingi 100 kwa nakala, na iweke akilini tangu unapopanga bei. Gharama za kuchapa ukizipunguza kwa matangazo ya biashara za mji, yaweke yote ukurasa wa mwisho. Nembo ya duka la saruji chini ya picha ya punda inaharibu ukuta wa mtu.

Hatua ya tisa: uza, kisha rudi na hesabu

Siku ya uzinduzi tundika picha thelathini bora, si zile kumi na mbili peke yake. Kila aliyetundikwa ataleta mama, shangazi na majirani, na hao ndio wanunuzi. Wageni wa tamasha la utamaduni hununua kwa wingi, hivyo bakiza za kuwauzia. Watu wa Lamu walioko Mombasa, Nairobi, Muscat na Dubai wakumbuke mapema. Wafungie nakala kumi kumi kwa msafiri mmoja badala ya kuzituma moja moja, maana posta itaimeza faida.

Nakala za kwanza, kabla ya kuuza hata moja, wapelekee wenye punda waliomo. Nenda mwenyewe, na nyundo na msumari.

Februari, fedha zikishakusanywa na boti ikishakwenda, bandika karatasi moja pale pale mlipozindulia: tumepata kiasi hiki, tumetumia hiki, punda kadhaa wamechanjwa siku fulani, Matondoni wangapi, Kipungani wangapi, na saini ya mhudumu aliyewachanja. Daftari la chanjo liwe na safu ya jina la punda. Wengi watakwambia punda wao hana jina. Ngoja kidogo na kalamu mkononi. Mara nyingi mtoto wa nyumba hiyo analijua.